Kupamba Nyumba kwa Samani za Jadi za Kichina: Mwongozo Kamili kuanzia Chumba Kitupu

Mtu anayetaka nyumba yake iwe na sura ya Kichina mara nyingi huanza na vitu vinavyoonekana haraka: kandili nyekundu, joka la rangi ya dhahabu, upepeo wa karatasi uliotundikwa ukutani, na kabati jeusi lililochorwa korongo. Baada ya miezi michache sebule huwa imefanana na mkahawa, na mwenye nyumba hajui kosa liko wapi, kwa kuwa kila alichonunua kilikuwa kizuri kilipokuwa dukani. Sebule ya msomi wa mji wa Suzhou mwishoni mwa karne ya 16 haikuwa hivyo. Kuta zake zilikuwa nyeupe, meza ilikuwa moja au mbili, viti vilikuwa vichache na vyembamba, na ukutani palining'inia mchoro mmoja ambao ulikunjwa na kubadilishwa kadiri majira yalivyobadilika.

Mwongozo huu unafuata njia ya msomi huyo. Unaanza na chumba, kisha samani moja iliyoundwa vizuri, na mapambo yanakuja mwisho kabisa, kwa sababu katika utamaduni huo nafasi iliyoachwa wazi huhesabiwa kuwa sehemu ya upambaji, kama karatasi isiyoguswa na wino inavyohesabiwa kuwa sehemu ya mchoro.

Hatua ya kwanza: chagua mkondo mmoja wa samani

Tunaposema "samani za Kichina" tunakusanya chini ya jina moja mambo yasiyofanana. Mkondo wa kwanza ni ule wa enzi ya Ming, iliyodumu kuanzia 1368 hadi 1644. Mwaka 1567 serikali ya Ming ililegeza marufuku ya biashara ya baharini, na mbao ngumu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki zikaanza kuingia kwa wingi kwenye karakana za pwani na za mto Yangtze. Kwa kuwa mbao hizo zilikuwa na nguvu nyingi, maseremala waliweza kupunguza unene wa miguu na mihimili bila kuidhoofisha, na hapo ndipo yalipozaliwa maumbo mepesi yenye mistari safi ambayo hadi leo hutajwa kuwa kilele cha useremala wa China. Mkondo wa pili ni wa enzi ya Qing, kuanzia 1644 hadi 1912, hasa tangu karne ya 18. Samani zake ni nzito, zimechongwa nakshi karibu kila sehemu, na nyingi zimepachikwa marumaru au vipande vinavyong'aa vya makombe ya baharini. Mkondo wa tatu ni wa miji na vijiji vya mikoani, kama vile makabati ya Shanxi yaliyotengenezwa kwa mbao za kawaida na kupakwa laka nyekundu au nyeusi, yenye bamba kubwa la duara la shaba mlangoni.

Kwa nyumba ya leo ninapendekeza mkondo wa Ming bila kusitasita. Unakaa vizuri katika chumba kidogo, hauzibi mwanga, na unapatana na samani za kisasa kwa sababu ambayo haikutokea kwa bahati: Hans Wegner wa Denmark alianza mwaka 1944 kubuni viti kwa kufuata viti vya Ming, na viti vingi vya mbao vinavyoitwa vya kisasa vimefuata mkono wake. Ikiwa moyo wako uko kwenye nakshi za Qing, weka samani moja tu ya namna hiyo katika chumba na uache zilizobaki ziwe tulivu. Kabati jekundu la Shanxi nalo linapendeza sana likiwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Usichanganye mikondo yote mitatu kabla jicho lako halijazoea kuitofautisha.

Hatua ya pili: pima chumba na utafute mstari wa katikati

Nyumba ya jadi ya kaskazini mwa China, hasa ile ya Beijing yenye ua katikati na majengo pande nne, hujengwa kwa kufuata mhimili, yaani mstari wa katikati. Jengo kuu huwa upande wa kaskazini na hutazama kusini, ili lipate jua la majira ya baridi, na ukumbi wake hupangwa kwa ulinganifu wa kushoto na kulia. Si lazima nyumba yako itazame kusini, lakini mhimili ni lazima uupate. Simama mlangoni pa sebule, tafuta ukuta unaokukabili, pima upana wake, weka alama katikati, kisha chora kwa chaki mstari kutoka alama hiyo hadi mlangoni. Mstari huo ndio utakaoamua kila kitu kitakachofuata.

Mpangilio kamili wa ukumbi wa jadi ni huu. Katikati ya ukuta mkuu hutundikwa mchoro, na pembeni mwake beti mbili za maandishi zinazokwenda pamoja. Chini yake, ikiegemea ukuta, huwekwa meza ndefu nyembamba. Mbele ya meza hiyo huja meza ya mraba inayoitwa meza ya Watakatifu Wanane, kwa kuwa huketisha watu wanane, wawili kila upande. Kiti kimoja huwekwa kushoto kwake na kingine kulia, vyote vikitazama mlango. Kisha, kando ya kuta mbili za pembeni, hupangwa viti viwili viwili vinavyotazamana, na kati ya kila viwili huwekwa meza ndogo ya chai. Kiti cha heshima ni kile kilicho upande wa mkono wa kushoto wa mtu anayeketi akitazama mlango, na hapo ndipo huketishwa mzee au mgeni mkubwa.

Kabla ya kuvutiwa na mpangilio huu, fanya hesabu. Meza ya mraba huwa na upana wa sentimita 90 hadi 100, na kiti kimoja huchukua takriban sentimita 60. Meza pamoja na viti vyake viwili, pakiwa na nafasi ndogo kati yake, huhitaji sentimita 230 hivi, kwa hiyo ukuta ulio chini ya mita tatu utaonekana umesongwa. Meza ndefu ya ukutani huongeza kina cha sentimita 40 hadi 50. Chumba cha mita tatu kwa nne hakiwezi kubeba vyote, na Wachina wenyewe walilijua hilo: waliunda meza ya nusu, ambayo ni kama nusu ya meza ya mraba, kwa ajili ya kuta fupi. Katika chumba kidogo tumia meza ya nusu na viti viwili, acha njia ya sentimita 80 ya kupita, na usiongeze kitu kingine.

Katika kumbi za Huizhou, mkoani Anhui, juu ya meza ndefu huwekwa vitu vitatu: saa katikati, jagi refu la kauri upande wa mashariki, na kioo upande wa magharibi. Majina ya vitu hivyo, pamoja na neno la mlio wa saa, yakitamkwa kwa mfuatano kwa Kichina husikika kama maneno yenye maana ya "amani na utulivu maisha yote". Ni mpangilio rahisi ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Kumbuka tu kwamba saa inayowekwa nyumbani haina ubaya wowote, ilhali kumpa Mchina zawadi ya saa ni jambo la kuepukwa, kwa sababu maneno ya "kutoa saa" husikika sawa na maneno ya kumhudumia mtu katika mauti yake.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni mlango. Nyumba ya Beijing ina ukuta mfupi nyuma ya lango unaomzuia mpita njia kuona uani, na ndani ya vyumba kazi hiyo hufanywa na kiambaza cha mbao kinachosimama. Msomaji aliyeingia katika nyumba za mawe za Lamu atalielewa hili mara moja, kwani daka, yaani baraza la mlangoni, na tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, hupangwa kwa kusudi lilelile, ili macho ya barabarani yasifike uani. Kama sebule yako inaonekana yote mlango unapofunguliwa, kiambaza chenye urefu wa sentimita 170 hadi 180 kiweke hatua moja na nusu kutoka mlangoni, kiwe na kimia cha mbao sehemu ya juu ili mwanga upite. Samani hii moja hubadilisha nyumba kuliko kandili kumi.

Hatua ya tatu: anza na kiti

Watu wengi huanza na kabati kwa sababu ni kubwa na linaonekana. Mimi nashauri uanze na viti viwili, kwani kiti ndicho chenye ufundi mwingi zaidi katika mahali padogo zaidi, na ukishajifunza kukitazama hutadanganyika kwenye samani nyingine.

Viti viwili vya Ming vinafaa kujulikana vizuri. Cha kwanza huitwa quanyi, nacho kina mgongo na mikono iliyounganishwa kuwa upinde mmoja unaoteremka kutoka mabegani hadi viganjani. Cha pili huitwa guanmaoyi, maana yake kiti cha kofia ya ofisa, kwa kuwa mhimili wake wa juu hutokeza pande mbili kama masikio ya kofia waliyovaa maofisa wa serikali. Quanyi hufika takriban mita moja kwenda juu, na guanmaoyi huweza kuzidi sentimita 110. Vyote viwili vina ubao mmoja wa mgongoni uliopindwa taratibu kama herufi S ili kufuata uti wa mgongo wa mtu.

Kikalio cha viti hivi huwa na kimo cha sentimita 50 hivi, ambacho ni kirefu kuliko viti vingi vya leo, na sababu yake iko chini: mhimili wa mbele unaounganisha miguu ya kiti uliwekwa ili mtu akanyage juu yake, mbali na baridi na unyevu wa sakafu. Ukiona kiti cha kale ambacho mhimili huo umelika katikati, umeona miguu ya vizazi. Unapojaribu kiti dukani, keti ukiwa umekanyaga mhimili huo, egemea ubao wa mgongoni, na uweke viganja mwishoni mwa mikono. Kama ubao unakuchoma mahali pamoja, mpindo wake umekosewa, na hakuna mto utakaourekebisha. Ukivitumia kwa meza ya kulia chakula, hakikisha meza ina kimo cha sentimita 80 au zaidi, kwa sababu meza ya kisasa ya sentimita 75 itakuwa chini mno kwake.

Hatua ya nne: kagua maungio na mbao

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi. Samani ya jadi ya Kichina hushikana kwa maungio ya tundu na ulimi, ambayo Wachina huyaita sunmao. Ubao mmoja huchongwa ulimi, mwingine huchimbwa tundu, na vinaingiliana kwa kubana bila msumari. Kwenye pembe za fremu, mistari ya maungio hukatwa kwa nyuzi 45, na ulimi wenyewe hufichwa ndani. Geuza kiti au meza juu chini. Ukikuta skrubu, misumari, vyuma vya pembe au gundi iliyofurika, umekuta samani ya kawaida iliyovalishwa umbo la Kichina. Inaweza kuwa na thamani yake, lakini isiuzwe kwa bei ya ile nyingine.

Jambo la pili la kukagua ni ubao mpana, ule wa uso wa meza au mlango wa kabati. Mbao hunywa unyevu na kutanuka, kisha hukauka na kusinyaa, na kusinyaa huko hutokea kwa upana, si kwa urefu. Seremala wa Kichina alilitatua tatizo hili kwa kuuweka ubao mpana ndani ya fremu yenye mfuo, ukiwa huru, bila gundi, ili upumue. Nyuma ya ubao hupitishwa taruma, yaani upau wa kuushikilia, moja au zaidi, iliyochongwa umbo linaloitwa mkia wa mbayuwayu, ili ubao usipinde. Kabati la kwanza nililochongesha Dar es Salaam lilifuata picha ya Ming vizuri sana kwa nje, lakini fundi aliugandisha ubao wa mlango kwa gundi na kuupigilia misumari midogo kwa nyuma, akiamini kwamba ananiongezea uimara. Nilipohamia Dodoma, ambako hewa ni kavu, haukupita mwaka kabla ubao huo haujapasuka kutoka juu hadi chini, ufa ukiwa na upana wa kutosha kupitisha sarafu. Ubao ulitaka kusinyaa na fremu ikaukatalia. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninalomuuliza fundi au muuzaji ni kama ubao wa mlango unaweza kusogezwa kidogo kwa vidole ndani ya fremu yake. Ukisogea, ni salama.

Sasa mbao zenyewe. Mbao mbili zinazotajwa kwa heshima kubwa ni huanghuali, ya rangi ya asali na mistari kama ya moshi, ambayo asili yake ni kisiwa cha Hainan, na zitan, nzito na yenye wekundu unaokaribia weusi, ambayo hutoka kusini mwa India. Zote mbili zimekuwa adimu mno. Muuzaji anayekupa kiti cha huanghuali kwa bei ya kiti cha kawaida anakuuzia mbao nyingine iliyopakwa rangi. Nasema kwa dhati kwamba hakuna haja ya kuzitafuta. Mti wa jumu, ambao maseremala wa Suzhou waliutumia tangu kabla mbao za ng'ambo hazijaenea, una mistari mizuri kama milima iliyopandana, na yumu wa kaskazini ni imara kwa meza na makabati. Sanduku la mkafuri nalo ni zuri kwa kuhifadhia nguo, kwa kuwa harufu yake hufukuza nondo.

Dukani utakutana pia na neno hongmu, maana yake mbao nyekundu. Hilo si jina la mti mmoja. Ni kundi lililowekewa viwango rasmi na serikali ya China, na ndani yake umo mpingo wetu, ambao huko huhesabiwa katika jamii ya mbao nyeusi za thamani. Mpingo na huanghuali ni ndugu wa jenasi moja, Dalbergia, na mninga ni ndugu wa zitan katika jenasi ya Pterocarpus. Kwa hiyo msomaji wa Tanzania anayesifu mbao za kiti cha Kichina anaweza kuwa anasifu mti uliokatwa kusini mwa nchi yake.

Hatua ya tano: amua kati ya kuagiza na kuchongesha

Wafanyabiashara wetu wengi wanaokwenda Guangzhou wanalijua soko la samani la Lecong, lililoko Foshan. Huko kuna kila kitu, lakini sehemu kubwa ni samani za kisasa. Kwa hongmu, miji inayojulikana ni Dachong, katika Zhongshan, na Xianyou, mkoani Fujian, na kwa nakshi ni Dongyang, mkoani Zhejiang. Ukiagiza, taja kwa maandishi jina la kisayansi la mbao, namna ya maungio, na kiwango cha unyevu wa mbao, ambacho kiwe takriban asilimia 12. Omba picha za samani ikiwa haijapakwa rangi wala vanishi, kwa sababu rangi huficha dhambi nyingi za useremala.

Zingatia sheria mbili. Ya kwanza ni ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tangu Januari 2017 jenasi yote ya Dalbergia imo katika orodha zake, kwa hiyo shehena ya viti vya huanghuali au mpingo huhitaji kibali, na kibali hicho kiulizwe kabla ya malipo, si bandarini. Ya pili ni ya China yenyewe, ambayo hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutolewa nchini. Mtu anayekuahidi kiti halisi cha Ming kutoka sokoni ama anakudanganya au anakuingiza katika kosa la jinai.

Kuchongesha karibu na nyumbani ndiyo njia ninayoipenda zaidi. Mninga unafaa kuliko unavyofikiriwa, kwa sababu husinyaa kidogo ukikauka na hushika maungio vizuri. Msaji nao unafaa. Mpe fundi vipimo kamili badala ya picha ya simu peke yake, na umwombe aanze na meza ya nusu, ambayo ina maungio machache. Kwa ubao wa mlango wenye upana wa sentimita 40, mwelekeze aache milimita mbili hadi tatu kila upande ndani ya mfuo, asitie gundi, na aweke taruma nyuma. Mlipe kwa muda anaouhitaji. Maungio ya pembe za nyuzi 45 huchukua siku, na fundi anayeharakishwa atarudi kwenye misumari.

Hatua ya sita: kuta, rangi na mwanga

Nyumba za Suzhou na Huizhou zinajulikana kwa kuta nyeupe na vigae vya kijivu kilichokolea. Weupe huo ndio unaozifanya mbao zionekane, kwa hiyo paka kuta rangi ya chokaa au ya maziwa, isiyong'aa. Sakafu iwe ya mbao, ya vigae vya kijivu, au ya saruji iliyosuguliwa. Vigae vyeupe vinavyometameta vitaiua miguu ya samani, na kama huwezi kuviondoa, tandika mkeka au zulia la rangi moja chini ya meza na viti.

Nyekundu ni rangi ya furaha, ya arusi na ya mwaka mpya. Kwa kuwa ina maana hiyo, haiwekwi kila mahali. Ichague mahali pamoja: mlango wa kabati, mito ya viti viwili, au sanduku. Nyeupe kwenye vitambaa, maua na hasa kandili hukumbusha msiba, ijapokuwa kuta nyeupe hazina maana hiyo. Manjano iliyoiva ilikuwa rangi ya mfalme na haikutumiwa hovyo.

Madirisha ya zamani hayakuwa na vioo. Yalikuwa na kimia cha mbao kilichobandikwa karatasi nyeupe, na mwanga uliopita ulikuwa laini kama wa alfajiri. Unaweza kuupata mwanga huo kwa kumwomba fundi fremu ya kimia yenye mistari iliyonyooka, ukaiwamba kitambaa chepesi cheupe kwa nyuma na kuiweka mbele ya dirisha. Usiku tumia taa kadhaa za chini zenye mwanga wa joto, wa Kelvini 2700 hadi 3000, badala ya taa moja kali ya darini.

Hatua ya saba: vyombo, michoro na maandishi

Katika jambo hili pwani ya Waswahili haihitaji kufundishwa. Vyungu vya kijani vya Longquan na sahani za buluu na nyeupe vilifika Kilwa, Gedi na kwingineko karne nyingi zilizopita, mabakuli ya Kichina yakapachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na katika nyumba za Lamu kauri ilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kama nyumba yako ina zidaka, tayari una mahali pazuri pa kauri kuliko rafu yoyote ya dukani. Weka chombo kimoja katika kila kidaka, na viache baadhi ya vidaka vitupu. Jagi linalowekwa mezani lipewe kigoda chake kidogo cha mbao, kwani bila kigoda huonekana limesahauliwa hapo.

Michoro ya milima na maji hutundikwa wima, katikati ya mhimili. Beti mbili za pembeni husomwa kuanzia kulia, kwa hiyo ubeti wa kwanza hukaa kulia kwa mtu anayeutazama ukuta. Kabla ya kutundika maandishi yoyote, mtafute msomaji wa Kichina akusomee, maana maandishi mengi yanayouzwa ni ya arusi, ya kufungua duka au ya siku ya kuzaliwa ya mzee, na yatakuwa yamekaa mahali pasipo pake.

Alama nyingi za mapambo hutegemea sauti za maneno. Popo huchorwa kwa sababu silabi ya mwisho ya jina lake, bianfu, husikika kama neno la neema, fu. Samaki, yu, husikika kama neno la ziada na wingi. Pichi ni maisha marefu, komamanga ni watoto wengi, na msonobari, mwanzi na mti wa meihua huitwa marafiki watatu wa majira ya baridi kwa kuwa huvumilia baridi. Ukichagua alama moja na kuijua, inatosha kwa chumba kizima.

Kwa nyumba za Kiislamu zisizopenda picha za viumbe, ipo njia ambayo si ya kuazima. Waislamu wa China, hasa Wahui, wana mwandiko wao wa Kiarabu ulioandikwa kwa namna ya brashi ya Kichina, unaoitwa Sini, na huutumia kupamba nyumba na misikiti yao, ukiwemo Msikiti Mkuu wa Xi'an. Hata katika enzi ya mfalme Zhengde, kati ya 1506 na 1521, karakana za Jingdezhen zilitengeneza vyombo vya buluu na nyeupe vyenye maandishi ya Kiarabu na Kiajemi. Ubao mmoja wa Sini juu ya meza ndefu, pamoja na chetezo, ni mpangilio wa Kichina halisi. Kuhusu sanamu za Buddha na Guanyin, ninaomba zisinunuliwe kama mapambo na mtu asiyeziabudu. Kwa mamilioni ya watu ni vitu vya ibada, na huzuni yao wakiziona karibu na televisheni ni ya kweli.

Chumba cha kulala

Kitanda cha jadi cha nguzo na dari, jiazichuang, kitamkumbusha Mswahili samadari, na nguzo zake zilibeba mapazia ya kitambaa chepesi yaliyozuia mbu kama chandarua chetu. Godoro lake lisizidi sentimita 12, kwa sababu la sentimita 25 litafunika vizuizi vya pembeni vilivyochongwa. Kama chumba ni kidogo, weka sebuleni kiti kirefu cha luohan, chenye vizuizi pande tatu. Mchana hukaliwa na watu wawili, meza fupi ya chai ikiwa katikati, na usiku meza huondolewa mgeni akalala.

Utunzaji

Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu kila wiki, na paka nta kidogo ya nyuki mara mbili kwa mwaka kwenye mbao zisizo na laka. Usipake mafuta ya kupikia wala ya nazi, kwani hubaki na kunata, yakakusanya vumbi na wadudu. Samani ya laka ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha ikaushwe papo hapo, na isiguswe na spiriti. Hewa ya kiyoyozi isiipulizie samani moja kwa moja, na jua la mchana lisiipige. Kiti kinyanyuliwe kwa kushika fremu ya kikalio, kamwe si mikono au mhimili wa juu, kwa kuwa huko ndiko maungio yalikochongwa membamba.

Adui mkubwa katika nyumba zetu ni maji ya kupigia deki. Hufyonzwa na ncha za miguu, ambako mbao hunywa haraka zaidi, na baada ya miaka michache mguu huoza au hukaribisha mchwa. Kata vipande vya mpira au ngozi vya unene wa milimita tatu, vibandike chini ya kila mguu, na kila baada ya miezi sita laza samani ubavu uzikague ncha hizo kwa tochi. Ukiona unga laini wa mbao sakafuni, dumuzi ameshaingia. Itenge samani hiyo na nyingine siku hiyohiyo na umwite fundi aitibu kabla ya kuirudisha mahali pake.